Mayungiyungi ya Mwanza yaliyoonekana nchi kavu Uganda

Nilipoweka kwenye ramani kumbukumbu za vielelezo vikavu vya mimea ya majini vya hebaria yetu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, mayungiyungi yaliyochumwa Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, yalijitokeza nchi kavu kaskazini mwa Uganda. Nililaumu programu, nikapoteza siku nzima. Kisha nikatoa kabatini karatasi moja iliyobandikwa kielelezo: lebo yake, iliyopigwa taipu na kufifia pembeni, ilionyesha 2°31′ Kusini, 32°54′ Mashariki, ilhali jedwali lililotumika kuchora ramani lilikuwa na 2.31 na 32.54. Alama ya kutoa, inayoonyesha kusini mwa ikweta, ilikuwa imeachwa, na dakika zilikuwa zimeandikwa kana kwamba ni desimali, ingawa digrii moja ina dakika 60, na 31 ikigawanywa kwa 60 ni takriban 0.52. Kurudisha alama peke yake kungeyaacha zaidi ya kilomita 40 kutoka mahali pake, tena katika eneo la ziwa lile lile, ambako nisingeshtuka.

Niliongeza kwenye jedwali safu mpya ya namba zilizosahihishwa, nikaiacha ya zamani ilivyo, na kila hesabu nikailinganisha na jina la mahali lililoandikwa na mkusanyaji. Karatasi moja, ambayo wadudu wamekula tarakimu za dakika, nimeiacha bila nukta kwenye ramani.