Umekula, mwanangu?

Sendoff ya mdogo wangu imepita salama, wakaguzi wamekuja wameondoka, na mimi bado nimeganda kwenye maneno mawili ya mama mmoja asiyenijua hata jina.

Aliyeulizwa ni Dokta, yule anayeimbaga tenzi akinawa mikono kabla ya kuingia thieta. Alimfungua kijana mwenye utumbo uliojisokota, akakata kipande kilichooza, akaunganisha. Mimi ndiye niliyekuwa nampa nyuzi. Kazi ilikuwa safi. Siku ya tano homa ikapanda, moyo ukaenda mbio, tumbo likawa gumu kama ubao: mshono umeachia. Usiku tukamrudisha mezani, tukaosha usaha, kisha akapelekwa chumba cha mahututi.

Mama yake alikuwa kwenye benchi la korido. Dokta akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote bila kuzungukazunguka. Mama akasikiliza, akajifunga kanga upya, akamtazama.

"Umekula, mwanangu?"

"Nitakula, mama."

"Nenda kale. Mikono inakutetemeka."

Nayasikia hayo kila nikikunja gauni za thieta. Kwa sababu kwenye ripoti ya asubuhi wakubwa walimuuliza alitumia uzi gani, alishona vipi, kwa nini hakutoa mdomo wa utumbo nje ya tumbo tangu mwanzo, choo kipitie humo badala ya kuunganisha. Maswali halali, mshono wa utumbo huachia hata kwa mabingwa na lazima ijulikane kwa nini. Lakini pole ilitoka kwa nani? Kwa mwenye mgonjwa!

Albert Wu, daktari wa Marekani, aliandika mwaka 2000 kwamba kosa likitokea, mgonjwa ndiye mwathirika wa kwanza na aliyemtibu ni wa pili. Hapa kosa silioni, ila maumivu ni yaleyale. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hata Ifakara yetu ilishiriki kuijaribu, inatutaka tutajane majina na kuhesabu vitambaa. Nani amsindikize daktari nyumbani, haisemi.

Halafu juzi nikacheka peke yangu. Mzee wetu wa nusu kaputi, bubu wa kujitakia, kaja na hotipoti ya chapati na maharage, kamsukumia Dokta chumba cha kubadilishia nguo, kafunga mlango. Walikaa humo mpaka chai ikapoa. Nilichodaka pale mlangoni ni "na mimi wangu alikuwa mama wa watoto wanne". Jana bingwa naye kaingia kesi ya utumbo kama msaidizi wa Dokta, hakutangaza kwa mtu. Hivyo ndivyo nilivyotaka!

Kijana ameanza uji. Tenzi bado hatuzisikii.

Haya, na huyu wangu wa kidato cha pili anasema ripoti ya shule imepotea njiani. Ripoti nzima, na bahasha yake! Mtihani wa taifa ni Novemba, na Hisabati naijua ilivyokuwa muhula uliopita. Kesho nampigia mwalimu wa darasa.