Pishi tatu na shilingi kumi: ninavyoandaa somo la Biblia la kina mama hapa Unguja

Pishi ni neno la jikoni kwetu, na taabu ya somo huanzia hapo hapo. Mathayo 13:33, katika Biblia ya Union, inasimulia mwanamke aliyetwaa chachu akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Mama wa Unguja hahitaji kuelezwa pishi: ni vibaba vinne, na ikiwa ya mchele hukaribia kilo mbili na nusu au tatu. Basi anaona unga wa mandazi ya nyumba yenye watoto wengi, na anaendelea kusikiliza bila kushtuka. Kumbe kipimo anachokitaja Mathayo, ambacho Waebrania walikiita sea, ni kama lita 13. Vitatu ni lita 39, unga wa kilo 20 na ushei, mkate wa kulisha watu mia moja na zaidi. Huo ni unga wa shughuli. Asipolijua hilo, msikilizaji hapati mshangao ambao Yesu aliuweka humo makusudi.

Kwa hiyo ninapoalikwa kusema na kina mama, sianzi kutafuta la kuwaambia. Naanza kupima maneno ambayo tayari wanayo. Biblia yetu imetokana kwa sehemu kubwa na lugha ya hapa hapa. Askofu Edward Steere alifasiri kwa Kiunguja, na Union ya 1952 ilikusudiwa kuunganisha Kiunguja na Kimvita. Maneno yake yanaingia masikioni mwetu bila kubisha hodi, na mtu hakai kuuliza maana ya neno alilozaliwa nalo.

Wiki mbili kabla, namuuliza mama mwenyekiti mambo manne: watakuwa wangapi, wengi wao ni wa umri gani, nimepewa dakika ngapi, na wanasoma tafsiri ipi. Hili la mwisho wengi hulipuuza. Ukumbi mmoja unaweza kuwa na Union, Habari Njema na Biblia ya Kikatoliki, na ukisema "tusome pamoja" sauti zinagongana kufikia neno la tatu. Huwa nachagua tafsiri moja ya kusomwa kwa sauti, kisha namwomba mwenye nyingine atuambie kwake limeandikwaje. Tofauti ile inafungua mlango ambao mimi ningehitaji dakika kumi kuufungua.

Siku nne za kwanza nasoma kifungu kwa sauti, mara mbili kwa siku, pamoja na sura iliyotangulia na inayofuata. Siandiki chochote. Siku ya tano nachora mistari miwili kwenye daftari kupata safu tatu: linalosemwa, nisilolielewa, na neno la nyumbani linaloweza kudanganya. Safu ya tatu ndiyo inayonila muda. Kwa mfano wa chachu, humo huingia "pishi", "chachu" na "akaisitiri". Kusitiri kwetu kuna sitara ndani yake, kumfunika mtu asiaibike, lakini neno la Kigiriki hapo ni kuficha tu, kitu kisionekane. Na chachu haikuwa hamira ya kopo. Ilikuwa donge la unga wa jana lililoachwa lichache. Mwisho wa siku hiyo lazima niweze kuandika somo zima kwa sentensi moja. Nikihitaji "na pia", nina masomo mawili, na moja linasubiri siku nyingine.

Mfano wa shilingi iliyopotea, Luka 15:8, una mtego uliopinda upande wa pili. Union inasema mwanamke ana shilingi kumi, akapotewa na moja. Leo shilingi moja hata mtoto wa skuli haiokoti. Sarafu ile ilikuwa drakma, ambayo ni ujira wa kibarua wa kutwa nzima, na Habari Njema ndiyo maana ikaandika sarafu za fedha. Kwa hiyo kabla ya kusoma nauliza: "Kina mama, kibarua wa siku moja hapa mjini hulipwa ngapi?" Wanajibu wenyewe, wanabishana kidogo, kisha nasema hiyo ndiyo iliyopotea, na aliyepoteza anazo kumi tu. Kelele zikitulia, tunasoma.

Hapo hapo kuna taa iliyowashwa. Nyumba za nchi ya Yesu zilikuwa na madirisha madogo. Aliyekaa vyumba vya chini vya Mji Mkongwe anajua kuwasha taa saa sita mchana. Huwa nakwenda na ufagio wa chelewa na sarafu, nafagia sakafuni polepole watu wakiwa kimya. Sarafu inaposukumwa na zile njukuti inalia kwenye saruji kabla jicho halijaiona. Kama sakafu ina zulia au mkeka, kunja pembe moja mapema, maana juu ya mkeka sarafu haitoi sauti na kipande hicho chote kinakufa.

Mstari wa 9 unasema aliwaita rafiki na jirani zake. Kiswahili hakionyeshi kama ni wanaume au wanawake. Kigiriki kinaonyesha: ni wanawake. Mchungaji wa kondoo katika mstari wa 6 aliwaita wenzake wa kiume, na huyu akaita majirani wa kike. Hilo nalisema taratibu na nawaachia nafasi, kwa sababu kikao kile wanakitambua.

Kwa somo la chachu nachukua mabakuli mawili ya kioo yaliyo sawa. Kila moja vikombe viwili vya unga wa ngano na maji ya uvuguvugu. Moja tu naliongezea kijiko cha chai cha hamira na sukari kidogo. Nakanda mbele yao kikao kinapofunguliwa, kabla ya somo lenyewe, nafunika kwa kitambaa na sigusi tena. Kwa joto la Unguja dakika 45 zinatosha. Miezi ya kipupwe nakanda nusu saa kabla. Mambo matatu huharibu: maji ya moto yanayoua hamira, chumvi iliyomwagwa juu yake moja kwa moja, na kopo lililokaa wazi likanywa unyevu wa bahari. Jana yake ijaribu kwa nusu glasi ya maji ya uvuguvugu na sukari. Isipotoa povu kwa dakika kumi, nunua nyingine. Na jiandae kwa swali ambalo halikosekani: mbona Mathayo 16 inaonya juu ya chachu ya Mafarisayo? Jibu langu ni fupi: kitu kimoja kinaweza kutolea mifano miwili, na kila mfano usomwe pale ulipo.

Mwezi wa Ramadhani sikandi unga mchana kwenye baraza wanapopita majirani waliofunga. Nachukua somo la sarafu. Adhana ya alasiri ikianza nanyamaza mpaka imalizike. Nimeihesabia kwenye muda wangu.

Kuhusu muda wenyewe, somo la dakika 25 nyumbani huchukua 35 ukumbini, kwa pambio na majibu. Nikipewa 40, naandaa 25, nikiziandika ukurasa mmoja kwa herufi kubwa. Maswali matatu, na kamwe si "mmeelewa?", maana litajibiwa ndiyo. Simshtukizi mtu kusoma. Wapo wasiojua kusoma, na aibu hiyo huwazuia kurudi. Kabla ya kikao namwendea mkubwa wao: "Shikamoo bibi, leo utatusomea, au utatusimulia ulivyokuwa ukichachua unga zamani?" Wengi huchagua kusimulia.

Kitambaa nakifunua mwishoni, baada ya swali la tatu. Bakuli moja limejaa hadi ukingoni, la pili liko vile vile. Sielezi. Nawapitishia yote mawili, kila mtu abonyeze kwa kidole. Unga uliochachwa anauchukua anayekaa karibu aupike, na wote wawe njiani kabla ya magharibi.