Senti 4 kwa mstari

Leo nimefungua barua pepe ya kampuni hata chai sijaonja. Kuanzia mwezi ujao, malipo yangu kwa mstari mmoja ni senti 4.

Nilianza kazi hii hapa Minnesota mwaka 2009, nikisikiliza sauti za madaktari zilizorekodiwa na kuzichapa nikiwa nyumbani. Mstari wa herufi 65, nafasi zikihesabiwa, ulikuwa senti 9 za dola. Siku hizi mashine ndiyo inachapa, mimi "nasahihisha" tu.

Tu!

Mchana mashine imeandika presha ya mgonjwa iko juu. Daktari kasema iko chini. (Kwa Kiingereza maneno hayo ni pacha: hypertension na hypotension.) Nimerudisha sauti mara tatu kuhakikisha. Dakika nne, mstari mmoja.

Halafu nikaitazama pedali chini ya meza, ile ninayokanyaga kurudisha sauti. Mpira umelika, umeshika umbo la kidole gumba cha mguu wangu.

Barua haikuniliza. Pedali ndiyo iliyoniliza.

Mzee wa nyumba anasema nikasomee uuguzi kama wenzetu. Na miaka hii 51?

Mlioacha kazi hii, mlielekea wapi jamani? Niambieni, hata inboksi.