Ngome ya udongo kwa veranda: nimefika wapi na Fort Sanders

Huu sasa ni mwezi wa nne na mke wangu ameacha kuuliza itaisha lini, siku hizi anauliza tu kama leo ataweza kuanika nguo kwa veranda ama bado "wanajeshi wako" wamekalia hapo.

Ninachojenga ni Fort Sanders, ngome ya udongo iliyokuwa inalinda mji wa Knoxville kule Tennessee mwaka wa 1863, wakati Wamarekani wa Kaskazini na wa Kusini wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Skeli ni 1:72, mtu mzima anakuja kama sentimita mbili na nusu. Nilianza na ndoto ya kujenga yote, alafu nikapiga hesabu, upande wa magharibi peke yake ulikua yadi 95, hiyo kwa skeli yangu ni zaidi ya mita moja na veranda yenyewe si ya kujivunia. Nikabaki na kona ya kaskazini-magharibi, na kusema ukweli hiyo ndio kona yenye maneno, hapo ndio watu walifia.

Udongo ndio umenisumbua kuliko kitu kingine. Mara ya kwanza nilitumia ule mweusi wa Kano, uko karibu na ni wa bure, nikaujenga vizuri nikalala nikiwa na raha, siku tatu za jua ukapasuka kama kisigino cha mtu wa kutembea pekupeku. Nikavunja yote. Shemeji yangu ni wa bodaboda, akaniletea gunia la udongo mwekundu kutoka Maseno, na hapo bahati yangu kwa sababu udongo wa pande za Knoxville pia ni mwekundu wa kunata, kwa hivyo hata rangi sikuhitaji kupaka. Nimeuchuja na kichujio cha chai. Hiyo kesi bado haijaisha nyumbani.

Ngome za aina hii, kazi yake ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Hakuna mawe, hakuna simiti. Unachimba handaki, ule udongo unaotoa unautupa upande wa ndani, unashindiliwa, ndio unakua ukuta, kwa hivyo kila jembe moja linakupa faida mara mbili, shimo linaenda chini na ukuta unapanda. Handaki la Fort Sanders lilikua futi 12 upana na futi 8 kwenda chini, kwangu hiyo ni sentimita 5 kwa 3.4. Nikasema wacha nijiwekee sheria, ukuta nijenge na kile nimetoa handakini tu, nisiibe udongo wa gunia. Ukiwa umelegea unaona rundo kubwa unadhani utabakisha, alafu ukianza kushindilia na mgongo wa kijiko unanywea mbele ya macho yako. Ulinitosha lakini kwa shida, na kidole gumba kimetoka lengelenge. Na mimi nilikua na kijiko, wale walikua na jembe na sepetu kwa baridi ya Novemba, wanajeshi, watu wa mjini waliolazimishwa, na Weusi waliokua wametoroka utumwa, wote ndani ya mtaro mmoja.

Aliyesimamia uchimbaji alikua injinia wa jeshi la Kaskazini, Kapteni Orlando Poe. Shida yake ilikua muda. Jenerali Longstreet wa Kusini alikua anakuja na jeshi lake na kazi haijaisha, ndio maana jenerali wa wapanda farasi, William Sanders, akaenda na watu wake kumzuia njiani, wakatumia hata mbao za uzio kama kinga, wakashikilia Novemba 18 karibu siku nzima ili wenzao mjini waendelee kuchimba. Sanders akapigwa risasi siku hiyo, kesho yake akafa. Ngome ilikua inaitwa Fort Loudon, wakaibadilisha jina ikawa lake.

Juu ya ukuta waliweka marobota ya pamba kuzunguka nafasi za mizinga, wakayafunika na ngozi mbichi yasishike moto. Yangu nimeyatoa kwa mto wa zamani. Huu mji wetu wa Kisumu ulikua na Kicomi, kiwanda kizima cha pamba, na leo mimi natafuta pamba ndani ya mto!

Waya sasa. Miti yote mbele ya ngome ilikatwa, visiki vikaachwa, na kati ya visiki wakafunga waya wa telegrafu kama kimo cha goti. Visiki vyangu ni vijiti vya mpera, waya ni ule wa shaba mwembamba ndani ya chaja iliyoharibika. Kimo milimita 7. Nimefunga jioni mbili nzima na macho yanatoka machozi, alafu mtoto wa jirani akaja kutembeza gari lake, "anko si nipite hapa," gari likanaswa likapinduka kichwa chini. Nikamwambia hivyo hivyo kabisa, hao wa Kusini walikuja kabla jua halijatoka, hawauoni waya, wa mbele wanaanguka na wa nyuma wanawakanyaga.

Wiki iliyofuata ikaja ile mvua yetu ya jioni ya kutoka ziwani, inakuja na upepo inakupiga kutoka pembeni. Ukuta wa kushoto ukateremka wote handakini, nikakuta supu. Nimeujenga upya nikichanganya gundi ya mbao kidogo na maji, watakaosema ni kudanganya waseme.

Wakati naurudishia akapita mzee mmoja wa ploti yetu, mtu wa Webuye, akasimama akiangalia muda mrefu.

"Kijana, hii umechimba ni Chetambe."

"Hapana mzee, hii ni ya Marekani."

"Na hao Marekani walijifunza kwa nani?"

Sikua na jibu. Na hakua anatania sana, pale Chetambe watu wa Bungoma walikua na ngome ya handaki na ukuta wa udongo, walipigana na Waingereza hapo mwaka wa 1895, udongo dhidi ya Maxim, bunduki ya rashasha. Hata huku kwetu upande wa Siaya kuna zile gunda buche, maboma ya zamani yaliyozungushiwa mitaro, yenye akili ile ile ya kuchimba na kutupa ndani. Nimezoea kupita karibu nazo bila kugeuza shingo.

Sasa kitu ambacho nimekigundua jana na ndio maana naandika. Longstreet alikua ameangalia hii kona na darubini, akaona mtu anavuka handaki bila shida, akaamua halina kina. Yule mtu alikua anatembea juu ya ubao. Mimi nilikua nikisoma hiyo nadhani jenerali alikua mzembe tu. Jana nikalala kifudifudi kwa sakafu, jicho moja chini kabisa upande wa adui, na handaki lilipotea. Halipo! Unaona mteremko wa nyasi alafu ukuta, basi. Nikaweka kijiti cha kiberiti kama ubao na askari mmoja juu, nikarudi kulala, anaonekana amesimama kwa ardhi ya kawaida.

Kwa hivyo Novemba 29 walikuja bila ngazi. Wakajaa ndani ya handaki, ukuta mbele yao ni zaidi ya mara mbili ya mtu na umeganda barafu, wanapandana mabegani, na juu Luteni Samuel Benjamin anawasha fyuzi za makombora na kuyatupa kwa mkono. Dakika kama 20 imeisha. Kusini walipoteza watu 813 ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa, ndani ya ngome ni 13.

Imebaki mizinga na kujaza watu handakini, hao nawafinyanga na nta ya mshumaa, nimefikisha 61. Jumamosi shemeji analeta gunia lingine, kwa sababu asubuhi nimekuta kuku wa jirani anaoga vumbi kwa ile kona ya kushoto, ametulia kabisa, na waya wangu uko kwa mguu wake.