Kikoba cha mama kina watu 26, Python inaniambia 27

Jumapili, saa nne usiku.

Leo nimecheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia chumbani akidhani naongea na mtu kwenye simu. Ila ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hii kitu imenichukua kama mwezi na nusu sasa na nisipoiandika nitasahau ilivyonitesa.

Mi kazi yangu ni steshenari hapa Morogoro, natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu, nalamineti vyeti, basi. Mama ni katibu wa kikoba chao cha mtaani, wako 26, wanakutana kila Jumapili saa kumi jioni, hisa moja shilingi 3000, na daftari la hisa limeshafutwafutwa na kalamu nyeupe mpaka kurasa zimekuwa ngumu kama kadi. Nkamwambia mama nipe hilo daftari nikutengenezee programu ya kujumlisha. Nilikuwa nimeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye simu, video mbili tatu usiku bando likiwa la bei nafuu, nikajiona nimeshakuwa fundi. Mama aliposikia naandika kodi akaniuliza kodi gani, ya nyumba au ya TRA. Nikamweleza ni Python, akasema chatu tena? Sio chatu mama, aliyeitengeneza ni Mholanzi mmoja Guido van Rossum, kaitoa 1991, na jina kalitoa kwa kikundi cha wachekeshaji wa Kiingereza kinaitwa Monty Python. Mama akasema haya, ila mi sijaona cha kuchekesha. Na kweli wiki ya kwanza hakikuwepo.

Tatizo la kwanza lilikuwa langu mwenyewe na kazi yangu. Mtu wa steshenari kila kitu anaandika Word, ndo mkono umezoea. Nikaandika programu yangu Word, nikaipendezesha kabisa, nikaikopi nikaibandika kwenye IDLE, ile sehemu ya kuandikia Python, nikabonyeza F5 ya kuiendesha programu, kikatokea kiboksi kinasema invalid character in identifier. Nikaangalia herufi moja moja, hamna kitu. Nikaifuta nikabandika tena, yale yale. Nimekaa nayo siku mbili jamani. Kumbe Word ukiandika alama za kunukuu inazipinda zenyewe, inaweka ile ya kufungua imeinamia huku na ya kufunga imeinamia kule, ipendeze kwenye barua, na Python inataka zile zilizosimama wima tu. Mi macho yangu yanaona alama za kunukuu, yenyewe inaona mdudu asiyejulikana.

Aliyenisaidia ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma Dodoma mambo ya kompyuta. Nilikuwa namtumia skrinshoti nimezikata, namkatia ule mwanzo tu wa maandishi mekundu kwa sababu kule juu ndo kumeandikwa Traceback na mi nilidhani hilo ndo jina la ugonjwa. Akanipigia. "Dada, usinitumie picha, nisomee mstari wa mwisho kabisa." Nikamwambia mbona wa mwisho, akasema pale juu yenyewe imeshakwambia most recent call last, yaani kilichotokea mwishoni kimeandikwa chini, we anza chini ndo upande. Mwezi mzima mi nasoma barua kuanzia kwenye salamu naishia hapo hapo, kumbe shida ya mwandishi iko karibu na sahihi.

Afu ikaja ya faili. Daftari la mama nilikuwa nimeshalichapa kiasi nikalihifadhi kwa Notepad, nikaliita kikoba.csv, csv ni jedwali la maandishi matupu, nikaliweka folda moja na programu. F5. FileNotFoundError, No such file or directory: 'kikoba.csv'. Haipo? Mi naiona! Iko hapa, nimeinyooshea kidole kwenye kioo, mteja wa kopi ananiangalia. Nikahamisha folda, nikabadilisha jina, nikaizima laptop nikaiwasha, maana sisi ndo dawa yetu hiyo. Kaka akanambia hebu muulize mwenyewe anaona nini humo ndani, andika import os halafu uprinti os.listdir(), yaani ionyeshe kwenye kioo, sio kwenye karatasi. Nikaprinti. Ikanitajia majina ya mafaili na mojawapo ni 'kikoba.csv.txt'. Windows huwa inaficha ule mkia wa mwisho wa jina, na Notepad ilikuwa imeniongezea .txt kimya kimya, kwa hiyo mi naona kikoba.csv na yenyewe inaona kikoba.csv.txt, na wote wawili tunasema kweli.

Hapo ndo nikaanza kuelewa kitu ambacho kaka alikuwa anakirudia kila siku, printi, printi, printi, mi namwona mvivu wa kufikiri. Nikakumbuka kikoba chao wenyewe. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na kila Jumapili kabla ya kuanza hela iliyofungiwa wiki iliyopita inatolewa inahesabiwa kwa sauti mbele ya watu wote, noti kwa noti, japo kila mtu anajua kwenye daftari imeandikwa kiasi gani na hakuna aliyefungua. Hakuna anayemwambia mwenzake unanishuku. Inahesabiwa tu. Na mi na programu yangu nilikuwa nafanya kinyume, nasoma kilichoandikwa kwenye daftari la kichwa changu naanza kurekebisha, sanduku lenyewe sijalifungua.

Sasa hayo yote ni makosa yanayopiga kelele. Lililonitia aibu halikupiga kelele hata kidogo.

Mama alikuja mwenyewe steshenari siku mbili akamalizia kuchapa hisa za watu wote kwenye visanduku vya Excel, kwa kidole kimoja. Programu ikakubali, hamna maandishi mekundu, nikaiambia iwapange wanachama kuanzia mwenye hisa nyingi mpaka mwenye chache, nikatoa karatasi, rangi kabisa, nikampa mama aende nayo. Sikuisoma. Yaani niliona imetoka nikaona imetoka sahihi. Mama akarudi jioni ameibana chini ya kwapa, hanisemeshi. Kumbe aliyeongoza kwenye karatasi ni mama mmoja kajiunga mwezi uliopita, ana shilingi 9000, yaani hisa tatu. Wa pili ana 84000, wa tatu 72000, na mwenyekiti mwenye 120000 yuko chini karibu na mkia, chini yake kuna mwenye 105000. Mwenyekiti alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Wenzie walicheka sana ila yeye hakucheka, na mama hakucheka.

Sababu yake ukiijua unaona ni ndogo mno. Python ikisoma faili la csv, kila kitu kinaingia kama maandishi, hata tarakimu. Na maandishi yanapangwa kama kamusi, herufi ya kwanza kwanza. Kwa hiyo 9 inaizidi 8, 8 inaizidi 7, na 120000 inaanza na 1, basi iko chini, haijalishi ina sifuri ngapi nyuma. Hata ukijumlisha maandishi hayajumlishwi, yanaungwa, "3000" na "6000" unapata "30006000". Haikukosea. Nilichomwambia ndo alichofanya.

Dawa yake ni int, unamwambia hii igeuze namba. Nikaandika, F5, kiboksi, invalid syntax, na kile kijirangi chekundu kimekaa kwenye neno print la mstari wa chini yake. Nikaichunguza ile print kama mtoto mgonjwa. Print nzima. Nikaifuta nikaiandika upya. Baadae ndo nkaja kuona mstari wa juu nimefungua mabano mawili nimefunga moja, na yenyewe inaendelea kusoma ikitafuta pa kufungia, inakutana na print, inashangaa, inasimama hapo. Kaka ananicheka anasema kuanzia toleo la 3.10, la 2021, Python inakwambia waziwazi kwamba mabano hayajafungwa. Sasa mi laptop yangu ni ya mtumba ina Windows 7, na Windows 7 mwisho wake Python 3.8, siwezi kupanda. Kwa hiyo wenzangu mlio na mashine nzuri mnaambiwa, sisi tunakisia. Kanuni niliyojiwekea, kosa likiwa kwenye mstari usio na kosa, panda mmoja juu.

Nikafunga mabano. Ikaja hii: ValueError: invalid literal for int() with base 10: '84,000/='. Jamani. Mi Kiingereza changu kikaniambia base 10 ni mstari wa 10. Nikafungua faili nikaenda mstari wa 10, uko safi kabisa, nikaufuta nikauandika upya kwa uangalifu, nikarudi, yale yale. Nimeandika mstari wa 10 mara tatu, masikini hauna hatia yoyote. Base 10 ni kuhesabu kwa makumi, ile ya kawaida tunayohesabia siku zote. Kosa limeandikwa mwishoni, ndani ya alama za kunukuu, mama kaweka koma na ile /= kama anaandika risiti ya duka. Nikaandika mistari ya kuondoa koma na /= kwa replace.

Nikasema sasa basi. F5. Ikaja tena: '6O000'.

Hebu iangalie vizuri. Mi niliiangalia nusu saa nzima. Elfu sitini. Koma hamna, nafasi hamna, /= hamna. Nikampigia kaka, akasema printi urefu wake, nikaprinti, tano, sawa. Akasema printi kimoja kimoja kwa ord, yaani inakupa namba ya kila herufi. Sita ikatoa 54. Ya pili ikatoa 79. Ya tatu 48, ya nne 48, ya tano 48. Sifuri ni 48, hiyo 79 ni nani? Ni O. O ya ng'ombe. Mama na kidole chake kimoja kapiga O kubwa badala ya sifuri, na kwenye kioo changu zinafanana kama mapacha. Nilipomwonyesha akasema "si sifuri hiyo? Mbona duara?" na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba kompyuta haioni duara.

Ya riba niipitie haraka. Mkopo wa 50000 kwa riba ya asilimia kumi nikazidisha na 1.1 ikatoa 55000.00000000001. Kwenye kikoba ukionyesha nukta kama hiyo watu watauliza hiyo ya mwisho anachukua nani. Kompyuta inahesabu kwa mbili mbili na 1.1 haiandikiki kamili kwa mbili, kama vile elfu kumi kuigawa kwa watu watatu, hata ugawe vipi kuna kitu kinabaki. Sasa hivi nazidisha na 110 halafu nagawa kwa 100 kwa ile mikwaju miwili, //, namba nzima tupu, hakuna wa kuuliza.

Ya leo sasa. Nimemaliza, nimejifunza adabu, kabla ya kutoa karatasi nikasema ngoja nihesabu sanduku. Nikaprinti idadi ya wanachama. 27.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele nikamuuliza kikoba mko wangapi, akasema 26 toka lini tumezidi. Nikaprinti majina, nikayasoma mmoja mmoja, nikaona jina la mama lipo mara mbili. Herufi zile zile. Mara moja ana hisa za 60000 na mara nyingine ana faini ya kuchelewa 500 tu, hisa hana. Zamani ningeanza kuchokoachokoa pale kwenye kujumlisha. Leo nikaprinti kwa repr, ambayo inakuonyesha na alama za kunukuu zake, na ndo hapo nikaanza kucheka, maana mmoja ni jina la mama limeishia pale linapoishia na mwingine ni jina la mama lina nafasi moja mwishoni, kidole kimegusa spesibaa kabla ya kwenda kisanduku kingine. Kwa Python hao ni watu wawili wasiojuana.

Nimeweka strip, inayokata nafasi za mwanzo na mwisho wa jina, wamerudi 26. Mama alipokuja kuchungulia nikamwonyesha, nikamwambia ona, huyu ndo wewe, na huyu naye ni wewe mwenye nafasi. Akavuta kiti, akaangalia kile kioo muda mrefu, akaniuliza huyo wa pili anadaiwa nini. Nikamwambia faini ya kuchelewa, mia tano.

"Basi," akasema, "huyo ndo aliyechelewa. Mi nilifika mapema."