Maji au mayi: siku tatu za semina Lubumbashi

Nimerudi na kalamu mbili, kaye ya kurasa 96, mfuko wa kitambaa na cheti ambacho jina langu limekosewa herufi moja. Mke wangu aliupokea mfuko, akauchungulia hadi chini, akauliza, "Na franga za usafiri?" Nikamwambia zitatumwa kwa simu. Akacheka, akaenda zake jikoni. Hilo niliache hapo hapo, walimu wenzangu mnalijua.

Ilikuwa semina ya walimu wa darasa la kwanza na la pili, mwanzoni mwa Julai, likizo kubwa ikiwa imeanza juzi tu. Anayedhani Kongo nzima ni joto aje Lubumbashi mwezi huo, saa kumi na mbili asubuhi, asimame barabarani Katuba akingoja taksi-basi. Ukumbini akina mama walikuwa wamejifunika vitenge hadi masikioni. Mzee mmoja wa Likasi alivaa kofia ya sufu na hakuivua hata wimbo wa taifa ulipoimbwa. Kuna waliotoka Kipushi, kuna waliotoka Kasumbalesa kule mpakani, na sisi wa mjini ndio tuliochelewa, kama kawaida.

Mada: kufundisha kusoma kwa lugha ya taifa. Kwa msomaji wa mbali, niseme kidogo. Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazikubali lugha hizo kufundishiwa darasani. Kwa hiyo huku kwetu mtoto huanza kusoma kwa Kiswahili, na Kifaransa kinaingia polepole hadi kinashika usukani madarasa ya juu.

Sasa basi. Siku ya kwanza mkufunzi alitueleza namna ya kufundisha kwa Kiswahili, na alitueleza kwa Kifaransa. Slaidi 54. Nilizihesabu kwa sababu ya baridi, sikuwa na kingine cha kufanya. Alikuwa mtu mwema, amejiandaa vizuri, tai yake imenyooka. Mimi niliandika kila kitu kwa Kifaransa, na kusema kweli sikuona ajabu yoyote. Miaka kumi na minne nafundisha watoto kwa Kiswahili, lakini kitu kikiwa na cheti mwishoni, kichwa changu chenyewe kinahamia Kifaransa.

Siku ya pili, baada ya chai, mama mmoja wa Kipushi akanyoosha mkono. Mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Akaanza kwa Kifaransa, akakwama kwenye sentensi ya pili, akarudi nyuma, akakwama tena. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Naandika hili kwa sababu bado linanikera.

Akavua miwani. "Acha niseme vile nasemaka na batoto," akasema. "Buku iko na picha ya ndoo, ni somo ya J. Mimi nauliza batoto, hii ni nini? Banajibu mayi. Buku inasema maji. Sasa hiyo J nitaitoa wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja wetu alikuwa na ndoo hiyo darasani kwake. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia mtoto "hapana, si mayi, ni maji", naye ananitazama kama nimemwambia mama yake haitwi mama. Halafu anakaa kimya. Mwalimu wa darasa la pili anaujua ukimya huo: mtoto ameamua kwamba Kiswahili cha shuleni hakimhusu, atangoja aambiwe jibu kisha aimbe pamoja na wenzake.

Mkufunzi alisema ni swali zuri, tutalirudia mchana. Mchana umeme ukakatika. Slaidi zikafa, na bila umeme ule kukatika nadhani swali ndilo lingekufa. Tukatoka nje kuota jua ukutani, na mzee wa kofia ya sufu akamwambia yule mama, "Mwalimu, tufundishe basi. Sisi ni batoto yako."

Chaki alikuwa nayo mkobani. Ubao haukuwepo, akaandika kwenye mlango wa chuma wa bohari. Akachora ndoo. "Ndani kuko nini?" Tukajibu, watu wazima thelathini na kitu, "Mayi!" Akaandika *mayi* upande wa kushoto, tukasoma, na hakulifuta. Juu yake akaandika *nyumbani*. Upande wa kulia akaandika *kitabuni*, chini yake *maji*. "Huyu na huyu ni ndugu," akasema. "Nani ametoka, nani ameingia?" Y ametoka, J ameingia. Basi, J imepatikana, na mayi ya mama hayajamwagwa.

Akaendelea: *batoto*, *watoto*. *Njala*, *njaa*. *Bukari*, *ugali*, na hapo kukawa na kelele, maana mtu wa Lubumbashi ukimwambia bukari ni ugali anaona umempunguzia sahani.

Mwalimu mmoja wa Ruashi, mtundu, akajifanya mtoto: "Mwalimu, kama mayi ni maji, basi yeye ni jeje?" Mwingine akadakia: "Na kama batoto ni watoto, baba ni wawa?" Tulicheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Lakini yule mama hakucheka. Alisema hayo ndiyo makosa hasa ambayo watoto wake huyafanya, na kwamba anayafurahia, kwa sababu mtoto anayesema *jeje* ameanza kufikiri, hakariri tena. Kisha akatuonyesha kaye yake. Kila neno lenye ndugu wawili limeandikwa na tarehe lilipozuka darasani, moja moja, kama daftari la madeni la muuza duka. Alikuwa na kurasa kumi na moja. Maneno kama *yeye* na *baba* yalikuwa na ukurasa wao, juu ameandika: *hawa hawabadilike*.

Nilimuuliza ana wanafunzi wangapi. Themanini na sita. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yetu yalijaa kuliko viti, na mimi mwenyewe nina sabini na nane. Nikamuuliza anafanyaje kuwasikia wote. Akasema hawasikii wote. Kila siku anasikiliza benchi mbili tu, zile nyingine zinasomeana, na kesho zamu inasogea. Semina hiyo hiyo ilikuwa na kipindi kizima juu ya madarasa makubwa, asubuhi ya siku ya tatu, lakini mimi lililoingia kaye yangu ni hilo la benchi mbili.

Umeme uliporudi tuliitwa ndani. Mkufunzi, nampa haki yake, alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote akinakili mlango kwenye simu yake. Akaomba ruhusa ya kupiga picha. Jioni tulikula bukari na sombe, na siku ya mwisho tukajaza fomu ya tathmini, kwa Kifaransa, swali la nne likiuliza kama ukumbi ulikuwa na mwanga wa kutosha.

Direkteri wangu anataka ripoti ya kurasa mbili kabla ya mwezi kwisha, ili iende kwa inspekteri. Inatakiwa kwa Kifaransa. Nimeandika utangulizi, malengo, idadi ya washiriki. Nimefika kwenye ndoo. Nimeandika kwamba mwalimu mmoja aliuliza tofauti kati ya *eau* na *eau*, maana kwa Kifaransa mayi na maji yote ni *eau*, nikafuta. Jana usiku nimechora mlango wenyewe katikati ya karatasi, kushoto *nyumbani*, kulia *kitabuni*, na maneno yake yote kama alivyoyaandika. Nitaona kama itarudishwa.