Siku moja maishani mwangu: Chake Chake, nikikausha jenereta iliyo Kongo

Majirani wanaoniona nikirudi msikitini alfajiri na kujifungia chumbani hadi adhuhuri wananihesabu mstaafu, na siwabishii. Kazi ninayo, ila iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa Pemba, mashariki ya Kongo, ambako kituo kikongwe cha umeme wa maji kinafufuliwa baada ya kusimama kwa miaka. Jina lake silitaji, kwa kuwa mafundi wa pale wanapita kila siku katika njia yenye vizuizi vya watu wenye silaha. Nilikaa nao miezi mitatu, nikarudi, na sasa nawaandikia taratibu za upimaji kwa Kiswahili na kusoma vipimo wanavyoniletea.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nafungua simu. Kule wako nyuma yetu kwa saa moja, lakini fundi wa zamu ya usiku ameshaandika: mvua imenyesha, maji yamepanda, mtambo namba mbili umelala salama.

Saa mbili zinaingia picha za chujio la chuma lililo mbele ya mabomba ya maji. Halionekani kwa chupa za plastiki, ndala na magugu. Takataka za namna hii ndizo zinazokera pia vituo vya mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, ambako Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II ikafuata mwaka 1989. Watu wakisikia kituo kimeharibiwa na vita hufikiria mabomu. Nilichokiona mimi ni vitu vidogo zaidi na vingi zaidi: nyaya za shaba zilizokatwa na kuuzwa, mafuta ya transfoma yaliyofyonzwa, beringi zilizokaa bila kutiwa mafuta kwa sababu storimani alikimbia na ufunguo, na chujio ambalo hapakuwa na mtu wa kulisafisha. Kituo cha umeme wa maji cha Mount Coffee, Liberia, kilichozinduliwa mwaka 1966, kilipata kadhia ya aina hiyo: vita vilipofika mwaka 1990 hapakuwa na mtu wa kufungua malango, maji yakapita juu ya bwawa na kulibomoa, kisha vyuma vikaporwa. Mtambo wake wa kwanza ulizunguka tena Desemba 2016. Naagiza chujio lisafishwe kabla ya jambo jingine lolote, na naendelea na chai yangu na mkate wa mofa.

Saa nne ndipo siku inapoanza hasa. Tunapima uhami wa koili za jenereta, yaani ile ngozi inayozuia umeme usiruke kutoka kwenye shaba kwenda kwenye chuma. Kijana wetu anafunga kipimio, anasukuma volti 2,500, na baada ya dakika moja ananisomea: megaomu 18, kipimo ambacho kikiwa kikubwa uhami ni mzuri zaidi. Kisha tunasubiri hadi dakika ya kumi. Hakuna wa kuzungumza. Nasikia maji yanavyonguruma upande wake, naye bila shaka anasikia majogoo wangu. Dakika ya kumi inatimia.

"Papa, ni 21."

Ukigawanya 21 kwa 18 hupati hata moja na robo, ilhali kwa koili za aina hii uwiano unapaswa kufika 2. Koili kavu humeza chaji taratibu, na namba yake hupanda kadiri dakika zinavyokwenda. Yenye unyevu huvujisha, na namba hudumaa. Jenereta yetu imekunywa miaka mingi ya ukungu wa mtoni. Namwambia afunge hita za umeme, afunike mtambo kwa maturubali huku akiacha tundu la mvuke kutokea, apandishe joto kwa nyuzi 5 kila saa bila kuzidisha, na apime kila baada ya saa moja.

Mchana nakula wali na mchuzi wa pweza. Taa inafifia kidogo, kisha inarudi. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo Pemba yote ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakihesabu mapipa ya mafuta kujua kama jioni kutawaka. Hatuna mto wa maana kisiwani, nami nimemaliza uzeeni kwenye mitambo ya maji. Mke wangu huona jambo hili linachekesha.

Saa tisa kuna mkutano, na huu ndio unaonipandisha damu. Wenye mradi wanataka mtambo uwashwe wiki ijayo, maana wageni wamealikwa. Mmoja wao amesoma mahali kwamba kwa mashine kongwe ya kilovolti 6.6 kiwango cha chini ni megaomu 7.6, na sisi tuna 18, basi tatizo liko wapi? Namjibu kwa adabu kwamba namba moja haitoshi, kwamba koili mbichi ikitiwa umeme kamili inaweza kuungua katika nukta moja, na kwamba koili mpya zitatengenezwa ng'ambo na kupitishwa katika njia ile ile ya vizuizi. Wananipa siku nne. Niliomba kumi.

Saa moja usiku, nimetoka kuswali magharibi, simu inalia. Kijana ana hofu: amepandisha joto mchana kutwa, na namba badala ya kupanda imeshuka kutoka 18 hadi 9. Anataka kuzima hita. Nilipaswa kumtahadharisha asubuhi, nikasahau. Namweleza kwamba koili inapopata joto uhami hushuka kwanza, kisha unyevu ukianza kutoka hutulia, halafu hupanda wenyewe, na kwamba mtu anayezima hita kwenye bonde hilo hurudi alikoanzia. Namuuliza kama turubali lina majimaji kwa ndani. Ananyamaza kidogo, nasikia akilifunua.

"Linachuruzika, Papa."

Namwambia aache hita ziwake, na anipigie saa mbili.